Utii wa Mbwa Mkubwa Hujengwa Angali Mdogo

Watu wengi wa mijini Afrika Mashariki wanaonunua mtoto wa mbwa wa aina ya German Shepherd, Rottweiler au Boerboel humnunua kwa kazi moja tu, nayo ni kulinda nyumba usiku, na malezi yote hufuata kazi hiyo. Mbwa anafungiwa bandani tangu wiki ya kwanza, anazuiwa kuonana na wageni ili asije akawazoea, analetewa chakula na mlinzi au dada wa kazi, na suala la kumfundisha utii linawekwa kiporo hadi atakapotimiza mwaka, kwa imani kwamba kabla ya hapo hana akili ya kujifunza. Wanaofanya hivyo si watu wasiojali, na wengi wao hutumia fedha nyingi kumtunza mnyama huyo. Hata hivyo, karibu kila hatua ya malezi hayo inakwenda kinyume na jinsi mbwa anavyokua na anavyojifunza, na matokeo yake ni mnyama wa kilo 40 anayemburura mtu barabarani, anayewarukia watoto, asiyeitika anapoitwa, na ambaye mwenye nyumba mwenyewe anaogopa kumfungua mchana.

Kinacholifanya jambo hili liwe gumu kueleweka ni kwamba ndani ya mtoto wa mbwa mkubwa zinakwenda kalenda tatu kwa wakati mmoja, yaani ya akili, ya kinga ya mwili na ya mifupa, na hazikubaliani. Mwenye mbwa asiyezijua zote tatu huifuata moja na kuiharibu nyingine kwa nia njema kabisa.

Kalenda ya akili ndiyo inayofungwa mapema zaidi. Wanasayansi John Paul Scott na John Fuller, waliochunguza tabia za mbwa kwa miaka mingi huko Bar Harbor, katika jimbo la Maine nchini Marekani, na kuchapisha matokeo yao mwaka 1965, walieleza kipindi kinachoanza mbwa akiwa na umri wa wiki 3 hivi na kufifia kati ya wiki ya 12 na ya 14, ambacho ndani yake mtoto wa mbwa huwapokea watu, wanyama, sauti na vitu vipya bila woga mwingi. Anachokutana nacho kwa utulivu katika kipindi hicho hukihesabu kuwa jambo la kawaida katika maisha yake. Asichowahi kukutana nacho huelekea kukiogopa baadaye. Woga huo ndio chanzo kikubwa cha mbwa kuuma, kwa sababu mbwa anayeogopa na asiye na njia ya kukimbia hana silaha nyingine ila meno.

Kwa hiyo mbwa aliyefichwa ili asiwazoee watu hajifunzi kutofautisha mwizi na mgeni wa heri. Anachojifunza ni kuogopa kila mtu, na kwa sababu hiyo humbwekea kijana anayeleta mtungi wa gesi, bodaboda anayepita, mtoto wa jirani anayefuata mpira, na hata mvua inapoanza kupiga mabati. Mbwa anayebwekea kila kitu hampi mwenye nyumba habari yoyote. Silika ya kulinda katika aina hizi imo ndani ya uzao, na hujitokeza yenyewe mbwa anapokomaa bila kuhitaji kulishwa woga utotoni. Mbwa aliyewaona wazee wenye bakora, wanawake waliovaa baibui, watu wenye kofia za pikipiki, watoto wanaopiga kelele na mafundi wenye ngazi mabegani, na akawaona kwa utulivu, ndiye atakayetambua usiku wa manane kwamba mtu anayepanda ukuta si wa kawaida.

Hapo ndipo kalenda ya pili inapoingia. Mtoto wa mbwa huzaliwa na kunyonya dang'a yenye kinga ya mama yake, na kinga hiyo humlinda kwa wiki kadhaa, lakini pia huizuia chanjo isifanye kazi sawasawa mpaka ipungue mwilini. Kwa kuwa hakuna anayeweza kukisia kwa mbwa mmoja mmoja kinga hiyo itapungua lini hasa, madaktari wa mifugo huanza chanjo ya magonjwa kama parvo na distempa katika wiki ya 6 hadi ya 8, kisha huirudia kila baada ya wiki 3 au 4 hadi mbwa afikishe wiki 16. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa anapofikisha miezi 3. Parvo huua watoto wa mbwa kwa kasi, na kirusi chake hudumu udongoni kwa muda mrefu, ndiyo maana daktari humwambia mwenye mbwa asimtoe nje kabla chanjo hazijakamilika. Lakini ukiutii ushauri huo neno kwa neno, mbwa atatoka nje kwa mara ya kwanza akiwa na wiki 16 au zaidi, wakati ule mlango wa akili umekwisha kufungwa.

Ufumbuzi upo, na chama cha madaktari wa Marekani wanaoshughulikia tabia za wanyama kiliutetea hadharani tangu mwaka 2008: mtoto wa mbwa anaweza kuanza kuzoeshwa watu na mazingira akiwa na wiki 7 au 8, mradi awe amepata chanjo ya kwanza siku 7 kabla na apelekwe mahali salama. Kwa mazingira yetu, mahali salama maana yake ni mahali ambapo mbwa wasiojulikana hawapiti. Majalala, pembezoni mwa bucha na viwanja vya soko havifai kabisa. Lakini mbwa wa kilo saba anaweza kubebwa mikononi hadi kituo cha daladala akasikilize honi, anaweza kukaa kwenye gari mlangoni pa shule saa ya watoto kutoka, na anaweza kuwekwa barazani kwako wakati wageni wanakunywa chai. Kila mgeni ampe kipande kidogo cha chakula, au ampuuze tu, na mbwa aachwe asogee mwenyewe akitaka. Kumlazimisha kusogelea kitu anachokiogopa kunaharibu kilekile unachotaka kukijenga.

Kalenda ya tatu ni ya mifupa. German Shepherd wa wiki 8 huwa na uzito wa kilo 6 hadi 9, akifika miezi 6 huwa amevuka kilo 20, na dume aliyekomaa huwa kati ya kilo 30 na 40. Rottweiler na Boerboel huzidi hapo kwa mbali. Uzito huo unaongezeka wakati ncha za mifupa mirefu bado ni gegedu laini ambalo ndilo linalourefusha mfupa, na katika mbwa wakubwa gegedu hilo haligeuki kuwa mfupa kamili hadi umri wa miezi 12 hadi 18, pengine zaidi kwa wale wakubwa kabisa. Kumkimbiza mbwa wa miezi 5 kamba mkononi huku wewe uko juu ya pikipiki, kumrusha juu ya vizuizi, au kumzoeza kuruka kutoka nyuma ya gari aina ya pikapu, ni kuyaumiza maungio ambayo hayajakamilika, hasa nyonga na viwiko. Vigae vinavyoteleza ni adui mwingine asiyetajwa sana: mazoezi yafanyike kwenye nyasi, kwenye udongo au juu ya mkeka. Mafunzo ya utii yana bahati kwamba hayahitaji nguvu wala mwendo mrefu. Dakika tatu hadi tano, mara tatu au nne kwa siku, zinamtosha mtoto wa mbwa, na zinamfaa kuliko saa nzima ya mfululizo itakayomchosha akili.

Mwili kukua haraka kuna maana nyingine ambayo ni ya kitabia. Tabia inayopendeza kwa mbwa wa kilo 8 ni hatari kwa mbwa wa kilo 35, lakini mbwa hajui kwamba amekua. Akiruka na kuweka miguu kifuani mwa mtoto wa nyumba akiwa mdogo, watu wakacheka na kumpapasa, amefundishwa kwamba ndivyo watu wanavyosalimiwa. Jambo hili lina uzito wa pekee kwetu, hasa katika miji ya pwani ambako majirani wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi. Mate ya mbwa kwao ni najisi inayooshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, na mbwa anayemrukia jirani mwenye kanzu anayekwenda msikitini anavunja ujirani mwema hata kama hajamkwaruza. Kumfundisha mbwa kubaki miguu minne chini mbele ya watu ni sehemu ya kuheshimiana mtaani, na ni rahisi mara kumi akiwa na wiki 9 kuliko akiwa na miezi 9.

Sasa tuangalie jinsi mbwa anavyojifunza, maana hapa ndipo penye mkanganyiko mkubwa. Imani iliyoenea ni kwamba mbwa ana roho ya ubabe, kwamba kila siku anapima kama atakuwa mkuu wa nyumba, na kwamba lazima avunjwe moyo mapema kwa kipigo, kwa kulazwa chali au kwa kunyang'anywa chakula. Imani hiyo ina asili yake. Mwaka 1947 Rudolf Schenkel alichapisha uchunguzi wake wa mbwamwitu waliofugwa katika bustani ya wanyama ya Basel nchini Uswisi, akaeleza jinsi walivyogombea vyeo, na watu wakahamisha maelezo hayo moja kwa moja kwa mbwa wa nyumbani. Tatizo ni kwamba wanyama wale walikuwa wametiwa pamoja ndani ya uzio bila nafasi ya kuondoka. Mmarekani David Mech, aliyewafuatilia mbwamwitu porini kwa miongo kadhaa, alieleza katika andiko la mwaka 1999 kwamba kundi la porini kwa kawaida ni familia, yaani baba, mama na watoto wao, na kwamba wazazi huongoza kwa sababu ni wazazi, si kwa sababu walishinda mapigano. Na mbwa wa nyumbani si mbwamwitu. Ameishi na binadamu kwa maelfu ya miaka. Mbwa anayekuvuta kwenye kamba hataki kutawala nyumba yako. Anataka kufika kwenye kile alichokinusa, na kila ukimfuata anafika.

Kanuni inayoyaeleza hayo ni rahisi, na ilianza kuelezwa na mwanasaikolojia Edward Thorndike huko Marekani mwishoni mwa karne ya 19, kisha ikachimbuliwa zaidi na B. F. Skinner: tendo linalofuatwa na kitu kizuri hurudiwa, na tendo lisiloleta faida hupungua. Karibu na wakati huohuo Ivan Pavlov, akiwa St. Petersburg nchini Urusi, alionyesha kwamba sauti isiyo na maana yoyote kwa mbwa inaweza kupata maana ikiwa kila mara inatangulia chakula. Ukiunganisha mawili hayo unapata chombo cha msingi cha mafunzo, yaani sauti fupi inayomwambia mnyama, papo hapo, kwamba alichofanya sekunde hiyo ndicho kilicholeta zawadi.

Hatuna haja ya kusafiri mbali kuona chombo hicho kikifanya kazi. Mjini Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO huwafundisha panya buku kutambua kwa harufu mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi. Panya husikia mlio mdogo wa kidude kinachobonyezwa, kisha hupewa ndizi. Panya mmoja aliyezaliwa Tanzania, Magawa, alitambua mabomu ya ardhini zaidi ya 70 nchini Kambodia kabla ya kustaafu mwaka 2021. Hakuna panya anayeweza kufundishwa kazi hiyo kwa fimbo, kwa sababu mnyama anayeogopa kukosea huacha kujaribu. Mbwa wako, ambaye ana hamu kubwa ya kushirikiana na binadamu kuliko panya, anastahili mbinu ileile.

Kipigo kinafanya kazi kwa maana moja tu: kinasimamisha tendo mbele ya aliyeshika fimbo. Hakimwambii mbwa afanye nini badala yake, na mara nyingi humfundisha jambo ambalo hukulikusudia. Mbwa anayepigwa kwa sababu ya kuunguruma mtoto anapokaribia bakuli lake hajifunzi kumpenda mtoto; anajifunza kutounguruma. Siku moja atauma bila onyo, na watu watasema amebadilika ghafla. Utafiti uliofanywa katika vituo vya mafunzo nchini Ureno na kuchapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba mbwa waliofundishwa kwa kukemewa na kukabwa kwa ukanda wa shingoni walionyesha dalili nyingi zaidi za msongo wakati wa mafunzo, na baada ya mafunzo homoni ya msongo ilikuwa juu zaidi kwao kuliko kwa wale waliofundishwa kwa zawadi.

Tuchukue amri ya "Kaa" ili ionekane jinsi kazi inavyokwenda. Chemsha kipande cha ini, kikate vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi, na uanze kabla ya mlo wakati mbwa ana njaa kidogo. Shika kipande kimoja kati ya kidole gumba na cha shahada, kiweke karibu kabisa na pua yake, kisha kipandishe polepole kuelekea nyuma ya kichwa chake, juu tu ya utosi. Pua itafuata mkono, kichwa kitainuka, na kwa jinsi mgongo wake ulivyoumbwa makalio yatashuka yenyewe. Sekunde yanapogusa chini sema "Safi!" kwa sauti fupi ileile kila mara, kisha mpe. Mkono ukipanda juu mno ataruka. Ukienda nyuma haraka mno atarudi kinyumenyume, na ukiona hivyo anza upya ukiwa umempanga na ukuta nyuma yake. Usiyakandamize makalio kwa mkono, kwa sababu atasukuma kinyume, na nyonga za mbwa mkubwa anayekua hazipaswi kulemewa. Neno lenyewe "Kaa" lisitamkwe bado. Linaingia pale anapokuwa ameshika mwendo wa mkono bila kukosea, na linatamkwa mara moja tu, kabla ya mkono kusogea. Anayesema "kaa, kaa, kaa, nimesema kaa!" anamfundisha mbwa kwamba amri huja kwa mafungu ya nne.

Muda kati ya tendo na "Safi!" ndio roho ya somo zima. Ukichelewa sekunde mbili, mbwa ameshasimama tena, na umemlipa kwa kusimama. Watu wengi wanaolalamika kwamba mbwa wao ni mzito wa kuelewa wana tatizo hili tu.

"Lala" hufundishwa vivyo hivyo, mkono ukishuka kutoka puani hadi sakafuni. "Subiri" huanza kwa kusubiri sekunde moja, kisha mbili, na mwalimu hasogei mbali wakati huohuo anapoongeza muda. Kimoja kwa wakati wake. "Acha" hufundishwa kwa kubadilishana: mbwa ana ndala mdomoni, unampa kitu bora zaidi, anaachia, unasema "Safi!", na ikiwezekana unamrudishia kitu chake kisicho na madhara ili ajue kwamba kuachia si kunyang'anywa. Somo hili lina faida ya usalama mahali ambapo wezi hurusha nyama yenye sumu juu ya ukuta, ingawa mbwa kukataa chakula cha ardhini pasipo mtu karibu ni somo la juu linalohitaji mwalimu mzoefu na miezi ya mazoezi.

Amri ninayoiona kuwa na thamani kuliko zote ni "Njoo", na ndiyo inayoharibiwa mara nyingi zaidi. Katika nyumba nyingi za kwetu mbwa hufunguliwa usiku na kurudishwa bandani alfajiri, kabla watu wa nyumbani hawajaanza shughuli. Anaitwa "Njoo!", anakuja akitikisa mkia, anashikwa shingoni na kufungiwa kwa saa 12. Baada ya siku chache ameelewa vizuri sana: neno hilo maana yake ni mwisho wa uhuru. Anaanza kuzunguka nyuma ya tangi la maji, mlinzi anamkimbiza, na akipatikana anachapwa kwa kuchelewa, jambo linalothibitisha kwamba alikuwa na sababu ya kukimbia. Kila mtu katika kisa hicho anaamini mbwa ni mkaidi, kumbe ametii somo alilopewa.

Dawa yake ni hesabu. Kwa kila mara moja anayoitwa kufungiwa, aitwe mara nyingi kwa mambo mema: anaitwa, anakuja, anapewa kipande cha ini au anakunwa kifuani, kisha anaachiwa aendelee na alichokuwa akikifanya. Mlo wake pia utolewe bandani, mlango ukiwa wazi, ili banda lenyewe liwe mahali pa neema. Na kama amefanya kosa, usimwite ili umwadhibu; mfuate alipo. Mtoto wa mbwa wa wiki 9 humfuata mtu yeyote anayerudi nyuma akipiga makofi polepole, kwa hiyo huo ndio wakati wa kulipanda neno hilo, kabla hajafikia umri wa kupendelea harufu za nje kuliko wewe.

Kutembea na kamba hufuata kanuni hiyohiyo. Mbwa akivuta, simama. Usimkaripie wala usimvute nyuma. Simama tu kama mti mpaka kamba ilegee, kisha endelea. Siku za kwanza mtatumia robo saa kufika geti, na inafaa iwe hivyo, kwa maana mbwa anajifunza kwamba kamba iliyokaza haifiki popote. Mnyororo mzito haufai kwa mtoto wa mbwa. Kamba nyepesi na ukanda mpana wa shingoni au wa kifuani vinatosha. Mazoezi yafanyike alfajiri au jua linapozama, kwa kuwa German Shepherd ana manyoya ya tabaka mbili na joto la Dar es Salaam au Mombasa saa saba mchana linaweza kumwangusha. Baada ya mlo apumzike kwanza, kwa sababu mbwa wenye vifua virefu wako katika hatari ya tumbo kujaa gesi na kujipinda, hali inayoua kwa saa chache.

Kuuma mikono kunawatisha wengi bila sababu. Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utoto, yaliyo makali, na huanza kuyabadilisha akiwa na miezi 4 hivi hadi apate meno 42 ya ukubwani kufikia mwezi wa 7. Katika muda huo anahitaji kitu cha kutafuna. Kipimo cha nguvu ya taya lake hukipata kwanza kwa ndugu zake, kwani akimng'ata mwenziwe sana, mchezo huvunjika. Ndiyo sababu mbwa anayeuzwa akiwa na wiki 5, kama wauzaji wengi wanavyofanya, huuma kwa nguvu zaidi, na ndiyo sababu mnunuzi anapaswa kusisitiza kumchukua akiwa na wiki 8. Nyumbani mwendeleze vilevile: akikung'ata, mchezo unaisha, unasimama na kumgeuzia mgongo kwa nusu dakika, kisha mnaendelea na kitu halali cha kutafuna mdomoni mwake.

Yote haya yanategemea jambo moja la kijamii ambalo miongozo ya kigeni hailigusi kwa sababu haliko kwao. Katika nyumba zetu mwenye mbwa mara nyingi si anayeishi na mbwa. Anayemlisha ni dada wa kazi, anayemfungua ni mlinzi, anayecheza naye ni watoto, na baba mwenye nyumba humwona jioni. Baba akiwa amekataza mbwa kuruka, lakini watoto wakawa wanafurahia kuruka huko, mbwa hupata zawadi mara moja moja, na zawadi ya mara moja moja ndiyo inayoifanya tabia iwe sugu kuliko zote. Kwa hiyo kikao cha kwanza cha mafunzo ni cha watu. Maneno yawe mamoja kwa wote, kama ni "Kaa" isiwe "Keti" kwa mwingine, na mlinzi na dada washike vipande vya ini mfukoni kama baba. Vivyo hivyo, kumpeleka mbwa kwa mkufunzi kwa miezi miwili kisha kumrudisha nyumbani hakutoshi, kwani mbwa haihamishi amri kirahisi kutoka mahali pamoja hadi pengine. Aliyejifunza kukaa barazani hajajifunza kukaa getini gari linapoingia; inabidi afundishwe upya huko, ingawa kwa haraka zaidi.

Ukianza kumpuuza mbwa anayeruka, kwa siku kadhaa ataruka zaidi. Ni jambo linalotarajiwa, maana njia iliyokuwa ikimfikisha imefungwa naye anajaribu kuisukuma kwa nguvu zaidi kabla ya kuiacha. Anayekata tamaa hapo na kumpapasa amemfundisha kwamba kuruka kwa nguvu ndiko kunakolipa.

Halafu inakuja balehe. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2020, uliowafuatilia mbwa walioandaliwa kuwa viongozi wa vipofu, ulionyesha kwamba wakiwa na miezi 8 walichelewa kumtii mlezi wao amri ya kukaa kuliko walivyokuwa na miezi 5, lakini hawakuchelewa kumtii mtu mgeni. Watu wengi huanza kutumia fimbo katika kipindi hiki, au humfunga mnyororo wa kudumu, au humtoa kwa mtu mwingine. Kinachotakiwa ni kurudi kwenye kamba, kurudisha zawadi zilizokuwa zimepunguzwa, kufupisha masomo na kutomwacha huru mahali ambapo ataweza kupuuza "Njoo" akafaidika. Kipindi hicho hupita.

Ama kuhusu kazi ya ulinzi iliyowafanya wengi wanunue mbwa, inafaa kujua jinsi wanaoichukulia kwa uzito mkubwa wanavyoipanga. Max von Stephanitz, aliyeanzisha chama cha mbwa wa German Shepherd mwaka 1899, alitaka mbwa huyo apimwe kwa kazi, na kutokana na desturi hiyo ulizaliwa mtihani ambao leo unaitwa IGP, wenye sehemu za kunusa, utii na ulinzi. Mbwa haruhusiwi kufanya daraja lake la kwanza kabla ya kutimiza miezi 18, na haruhusiwi hata kujiandikisha kama hajafaulu kwanza mtihani mwingine wa utii, ambao ndani yake hupitishwa katikati ya watu, waendesha baiskeli na magari, akapimwa kama anabaki mtulivu. Mtu anayemchokoza mbwa wa miezi 4 kwa gunia ili awe mkali anaanza na sehemu ya mwisho ya mtihani huo, tena kwa mnyama ambaye bado anabadilisha meno na hajajua kuitika jina lake.